Kazi ikikwama: kikao cha dakika 15 kinachotoka na jibu

Chukua karakana ya ushonaji mwezi Januari. Shule zinafunguliwa, oda za sare zimerundikana, na kila fundi anayeulizwa mashati yako wapi ana jibu lake: umeme, vipimo vilivyochelewa kuletwa, mashine kusumbua. Yote ni kweli, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kikwazo cha kweli kinaweza kuzungumzwa siku nzima bila mtu kushona hata kola moja. Utaratibu ufuatao unafaa pia ofisini au dukani. Unahitaji ubao au karatasi kubwa, kalamu, na watu wanaoifanya kazi yenyewe, wasizidi saba. Wakiwa wengi zaidi, wawili wataongea na wengine watasikiliza.

Anza kwa kuandika tatizo kwa namba. "Tumezidiwa" hakuna wa kulitatua. Andika hivi: mashati 120 yanatakiwa Ijumaa jioni, leo Jumatatu jioni yamekamilika 20. Yamebaki 100 kwa siku nne, yaani 25 kwa siku.

Kisha pima kila hatua ya kazi. Tuseme kukata ni mashati 60 kwa siku, kuunga 35, matundu na vifungo 20. Sasa kila mtu anaona kazi inakwama wapi. Kuongeza fundi wa kuunga kungekula fedha bure, kwa kuwa mashati yangeenda kurundikana mbele ya mashine ya matundu. Na pengo lenyewe ni mashati matano tu kwa siku. Usiruke hatua hii hata kama mna haraka. Mara nyingi nusu ya hofu huisha hapa.

Sasa tafuteni chanzo. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alisisitiza kuuliza "kwa nini" mara tano mfululizo. Kwa nini matundu ni ya mashati 20 tu? Uzi unakatika kila mara. Kwa nini? Sindano imebutuka. Kwa nini haikubadilishwa? Hubadilishwa ikivunjika tu. Kwa nini? Hakuna ya akiba. Kwa nini? Hununuliwa moja moja, na mwenye fedha hayupo kila siku. Jibu basi ni pakiti ya sindano iwekwe kwenye droo, na ibadilishwe kila baada ya saa nane hivi za kushona. Tano si sheria, hata tatu zinaweza kutosha. Ila jibu likiwa jina la mtu ("kwa sababu fulani ni mzembe"), mmesimama mapema. Ulizeni tena: ni kitu gani kwenye utaratibu kilichomruhusu afanye hivyo?

Vikwazo vingine vyote viandikwe kwenye safu tatu: vilivyo mikononi mwetu, vya kumwomba mtu mwingine, na visivyo mikononi mwa yeyote aliyepo. Umeme unaingia safu ya tatu. Hapo msijadili kwa nini unakatika. Andikeni sentensi moja ya "ikitokea hivi, tutafanya vile". Kwa mfano: "Umeme ukikatika, wa kuunga wanahamia cherehani za miguu, wa matundu anatia vifungo kwa mkono, na mwanafunzi anawasha pasi ya mkaa." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna hii. Nguvu yake ni kwamba uamuzi umeshafanywa kabla ya vurugu, kwa hiyo hakuna dakika ishirini za kusimama mlangoni kuutazama mtaa.

Mkikosa mawazo, tumieni swali la 0 hadi 10, lililoenezwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, Marekani, katika ushauri nasaha. "Hatua ya vifungo iko ngapi leo?" Mtu akisema 4, usimuulize mbona si 10. Muulize mbona si 2. Atalazimika kutaja kinachofanya kazi: "Jana mkataji alimaliza mapema akanisaidia kutia vifungo, tukaenda vizuri." Jibu lilikuwepo, ila hakuna aliyelihesabu. Mkataji ana uwezo wa mashati 60 na yanayohitajika ni 25, basi ahamie vifungo kuanzia saa nane mchana, na mashine ibaki na matundu tu.

Funga kikao kwa mistari isiyozidi mitatu, kila mmoja ukiwa na jina la mtu, kitendo na saa. "Tujitahidi" na "tuwe makini" vifutwe ubaoni bila huruma, maana saa kumi jioni hakuna atakayeweza kusema kama vimefanyika au la.

Kinachoharibu vikao hivi zaidi ni bosi anayetoa suluhisho dakika ya kwanza. Wengine wataitikia, watoke, waendelee kama zamani. Azungumze wa mwisho. Kosa jingine ni kupiga marufuku malalamiko kwa jina la "kuwa chanya": fundi aliyenyamazishwa leo hatakuambia kesho kwamba kitambaa kina kasoro, na utaarifiwa na mteja.

Kesho yake jioni, dakika tano zinatosha kuhesabu mashati yaliyokamilika siku hiyo. Yakiwa 25, msiguse kitu. Yakiwa bado 20 kwa siku hadi Jumatano mchana, mpigie mteja siku hiyohiyo ukiwa na hesabu mkononi: 100 Ijumaa, 20 yaliyobaki Jumamosi, na umuulize ni saizi zipi zitangulie.