Kurekodi kwaya kwa maiki mbili, hatua kwa hatua

Ukiisogezea kwaya maiki nane, kila moja mdomoni mwa mtu, utapata waimbaji mmoja mmoja na kwaya yenyewe utaikosa. Maiki mbili zikikaa mahali pake, msikilizaji anajua besi wamesimama upande gani na ukumbi ni mkubwa kiasi gani. Mpango ninaoutumia unaitwa ORTF. Ulibuniwa na watu wa redio ya taifa ya Ufaransa karibu na mwaka 1960, na kwa kwaya ya kanisani sijaona unaoushinda.

1. Funga maiki. Tafuta maiki mbili za kondensa (zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi) za modeli moja, aina ya kadioidi, yaani zinazopokea zaidi sauti ya mbele kuliko ya nyuma. Zifunge kwenye upau mmoja juu ya standi, vichwa viachane sentimita 17 na vitazame nje, kushoto na kulia, kwa pembe ya nyuzi 110 kati yake. Usikadirie kwa macho. Kipimapembe cha mwanafunzi kinatosha. Sentimita 17 zinakaribia umbali wa sikio hadi sikio: sauti ya pembeni huifikia maiki moja mapema kidogo, tofauti isiyozidi nusu ya milisekunde, na ile inayoielekea huipokea kwa nguvu zaidi. Kwa tofauti hizo mbili ubongo hutambua sauti inatoka wapi.

2. Tafuta mahali. Hapa usiwe na haraka, maana standi ikikaa vibaya hakuna programu itakayokuokoa. Kwaya ikiimba, ziba sikio moja utembee mbele yao. Sikio moja haliwezi kuuchuja mwangwi kama mawili, kwa hiyo unasikia karibu na maiki itakavyosikia.

ORTF hulichukua eneo la takriban nyuzi 96 na kulitandaza kutoka spika hadi spika. Kwaya ikiwa na upana wa mita 6, kwa umbali wa mita 2.7 wale wa mwisho wanaangukia kwenye spika zenyewe. Mimi hurudi hadi mita 3 hivi ili wawe ndani kidogo. Ukumbi wa vigae ukivuma mno, sogea mbele, lakini kwanza wapange waimbaji wabanane, la sivyo pembeni patajaa na katikati patalegea.

Kimo kiwe mita 2.5 hadi 3, maiki zikiinama kuelekea nyuso za mstari wa nyuma. Ukiziweka chini, mstari wa mbele utawameza wenzao. Standi ndefu iwekewe mfuko wa mchanga miguuni.

3. Weka viwango. Kwenye kinasa sauti washa umeme wa volti 48 unaoziendesha maiki, geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, iwe sawa pande zote. Mtu asimame katikati kabisa apige makofi. Vipimo vya sauti vya pande zote mbili vipande sawasawa. Kisha waimbe pale penye nguvu kuliko pote, kilele kisipite desibeli -12 kwenye vipimo hivyo, ambavyo sifuri ndiyo mwisho kabla sauti haijakwaruza. Ukirekodi kwa biti 24, huna sababu ya kukaribia sifuri.

4. Sikiliza kwa mono, yaani pande mbili zikiunganishwa kuwa moja. Wengi wataisikia kazi yako kwenye simu yenye spika moja. Ukiunganisha pande mbili, sauti ikikonda ghafla, kagua kama waya mmoja umegeuzwa, kisha pima tena zile sentimita 17. Ikiwa mono ndiyo muhimu kuliko yote, tumia XY: vichwa vipandane, kimoja juu ya kingine, kwa nyuzi 90. Sauti huvifikia pamoja, ingawa upana hupungua. Angalia tu kwamba katika XY maiki iliyolala upande wa kulia ndiyo inayotazama kushoto, basi iunganishe kushoto.

5. Rekodi. Zima feni zote. Mwimbishaji asimame katikati, hatua moja mbele ya wenzake. Wimbo ukiisha, wote watulie mpaka mwangwi ufe, kisha acha mashine iendelee sekunde 30 bila mtu kuongea. Ukimya huo wa ukumbi utauhitaji utakapounganisha vipande.