Kufundisha watoto baiskeli Dodoma: hatua kwa hatua, kuanzia daftari hadi mlangoni kwao

Jumamosi moja tulitoka na watoto 11, tukaenda Miyuji na kurudi. Tulipofika uwanjani nikahesabu baiskeli, zikatimia 11, nikafunga daftari na kuanza kukusanya koni. Saa tano hivi mama mmoja akaja: "Mwalimu, kijana wangu mbona haonekani?" Baiskeli ya 11 ilikuwa yangu mwenyewe.

Mtoto tulimkuta kwa fundi, chini ya mti, katulia kabisa anasubiri gundi ya kiraka ikauke. Mbigili zilimtoboa tairi, akasimama, na nyuma yake hapakuwa na mtu mzima wa kumwona. Hakuumia. Mimi ndiye niliyelala vibaya usiku ule. Hatua zifuatazo zimetokana na makosa ya namna hiyo, na karibu yote yalikuwa yangu.

Hatua ya 1: Anza na watu, baiskeli baadaye

Kabla hujanunua hata koni moja, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, na uongee na mkuu wa shule unayotaka kutumia uwanja wake. Klabu ikikua, iandikishe kwa msajili wa vyama vya michezo kupitia ofisi ya utamaduni na michezo ya halmashauri.

Tafuta watu wazima wasiopungua wawili kwa kila mazoezi, na awepo mwanamke kama una wasichana. Mtu akija kujitolea, usimpokee kwa sababu tu anajua kunyonga baiskeli. Uliza alikofundisha kabla, piga simu huko, uliza mtaani kwake. Atakayekasirika kwa kuulizwa, mwache aende.

Kila mtoto awe na fomu ya ukurasa mmoja: jina, umri, simu mbili za wazazi au walezi, ugonjwa alio nao (pumu, kifafa, selimundu), nani anaruhusiwa kumchukua, na kama anaruhusiwa kurudi mwenyewe. Mzazi asaini mbele yako. Fomu anayoleta mtoto mkononi imesainiwa mara nyingi na kaka yake.

Hatua ya 2: Hewa, breki, cheni

Watoto wakifika, kila mmoja anakagua yake kwa mpangilio huo, nami napita nyuma yao.

Hewa: bonyeza tairi kwa kidole gumba, likibonyea kirahisi, pampu. Geuza gurudumu taratibu uangalie miiba. Kiangazi hapa kwetu mbigili zimejaa kila njia ya vumbi. Ukiona mwiba umekaa kwenye tairi na hewa bado ipo, usiuchomoe hadi uwe na kiraka mkononi.

Breki: bana breki ya mbele, sukuma baiskeli, gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka. Bana ya nyuma, vuta. Gurudumu linatakiwa kuburuzika. Baiskeli yenye breki moja haitoki uwanjani, hata kama mwenyewe analia. Watazame pia mikono: mtoto wa miaka minane mara nyingi vidole havifiki kwenye breki za baiskeli ya baba yake. Hapo tatizo ni ukubwa wa baiskeli, na hakuna mafunzo yatakayolitibu.

Cheni: isilegee, na pasiwe na kitambaa karibu. Sketi na kanga ndizo zinazoangusha wasichana wengi, kwa hiyo suruali au bukta ndefu chini ya sketi, na mguu wa suruali ufungwe kwa raba.

Helmeti sasa. Vidole viwili juu ya nyusi, mikanda itengeneze umbo la V chini ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili, basi. Mwambie mtoto atikise kichwa, ikicheza, kaza. Hijabu nyepesi inakaa vizuri chini yake, mafundo makubwa ya nywele hayakai. Usikubali helmeti ya bodaboda: ni nzito kwa shingo ya mtoto, na jua letu la saa nne litampika humo ndani. Ya mtumba inafaa, mradi ufunue sponji uangalie kama gamba la ndani lina ufa.

Hatua ya 3: Uwanjani, pedali zitoke kwanza

Kwa asiyejua kabisa, fungua pedali zote mbili na ushushe siti hadi nyayo zikanyage chini. Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha spana kuelekea saa inakoelekea, kinyume cha ulivyozoea. Nimewaona mafundi wazuri tu wakiiharibu uzi kwa kulazimisha.

Mtoto asukume kwa miguu, ainue, ateleze. Akiweza kuteleza hatua kumi za mtu mzima bila kugusa chini, mrudishie pedali. Wengi wanaweza kabla ya wiki ya tatu. Ukilazimika kumsaidia, shika nyuma ya siti, usimshike mwili, na umwambie kabla hujashika.

Breki ndiyo sehemu ninayokaa nayo kuliko zote. Nachora mstari kwa majivu, wanakuja mbio, wanatakiwa kusimama kabla ya mstari kwa breki zote mbili, makalio yakiwa yamerudi nyuma kidogo. Atakayebana ya mbele peke yake kwa nguvu atarushwa juu ya usukani. Heri alijue hilo kwa mwendo wa polepole kwenye mchanga. Halafu wanajifunza kuangalia nyuma kwa bega la kulia bila kuyumba. Nasimama nyuma na kuinua vidole, wao wanataja ni vingapi. Asiyeweza kutaja vidole, barabarani bado.

Hatua ya 4: Kutoka nje ya geti

Tunatoka saa 12:30 asubuhi, tunarudi kabla ya saa tatu. Si jua tu. Kuanzia katikati ya mwaka upepo wa Dodoma ukianza kuvuma, mtoto mwepesi anasukumwa hadi katikati ya lami. Kila mmoja awe na lita moja ya maji, na awe amekula kitu. Uji wa uwele unatosha, tumbo tupu halitoki.

Chagua njia za mitaa. Barabara ya Singida na ya Dar es Salaam zina malori yanayokwenda mbali, na lori likipita karibu hewa yake inamvuta mtoto. Kama lazima uvuke, shukeni wote, vukeni kwa miguu kwa pamoja.

Mtu mzima mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mbele anaongoza. Wa nyuma ni "mfagiaji", na hakuna mtoto anayebaki nyuma yake kwa sababu yoyote. Weka mfagiaji mtu wako makini kuliko wote, mwenye pampu, viraka na simu yenye chaji. Mimi sizidishi watoto sita kwa mtu mzima mmoja. Kushoto mwa barabara, mstari mmoja, urefu wa baiskeli mbili kati ya mtoto na mwenzake. Kila mkisimama, hesabu vichwa kwa kugusa jina kwenye daftari.

Hatua ya 5: Akianguka

Michubuko ni maji safi, sabuni na bandeji. Kichwa ni habari nyingine. Aliyegonga kichwa hapandi tena siku hiyo hata akisema yuko sawa, na mzazi anaambiwa kwa mdomo. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida au akipoteza fahamu hata kidogo, hospitali moja kwa moja. Helmeti iliyopiga chini haitumiki tena. Kama amegongwa na chombo cha moto, polisi watatoa PF3 (fomu yao ya matibabu ya majeruhi), lakini mtoto atangulie hospitali.

Hatua ya 6: Mipaka ya kocha

Mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pasipoonekana: si stoo ya baiskeli, si chumba cha kubadilishia, si nyumbani kwake "kurekebisha breki". Ujumbe wa simu unakwenda kwa mzazi au kwenye kundi la wazazi. Picha bila ruhusa hapana, na usiiweke mtandaoni ikiwa na jina au shule. Zawadi kwa mtoto mmoja nazo hapana. Tyubu zikipatikana, ni za klabu.

Siku moja mtoto anaweza kukuambia jambo zito, pengine mkiziba pancha. Msikilize, usimhoji, usimwahidi kuficha. Mwambie amefanya vizuri kusema. Kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, na siku hiyohiyo peleka taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni ya bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii aliyejua ukiukwaji kutoa taarifa, kwa hiyo usikubali kikao cha "tuyamalize kifamilia". Mtuhumiwa akiwa mwenzako wa klabu, anakaa pembeni kuanzia saa hiyo.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Anayechukuliwa, anachukuliwa na aliyeandikwa kwenye fomu. Mjomba asiyeandikwa anasubiri nimpigie mama. Hakuna kumpandisha mtoto bodaboda kwa sababu kumekuwa jioni. Watu wazima wawili wanabaki naye.

Wanaorudi wenyewe wanakwenda kwa makundi ya mtaa mmoja, Nkuhungu kwa Nkuhungu, Chang'ombe kwa Chang'ombe. Mtoto akifika, mzazi anabipu tu, hakuna gharama. Nakaa uwanjani na daftari nikiweka tiki kila simu inapolia na kukatika. Kuna baba mmoja wa Nkuhungu husahau kila wiki. Huyo nampigia mwenyewe.