Lisha utumbo mpana kwanza, "nisile nini" baadaye

Kliniki ya kisukari swali ni lilelile: "Nesi, nisile nini?" Nimeuguza Moshi mpaka nikastaafu, na swali hilo sijawahi kulipenda. Mtu akishakatazwa wali, chapati, soda na ndizi mbivu, anafika nyumbani hana cha kula, na siku si nyingi amerudia vyote kwa hasira. Mimi huwa nauliza la kwangu: bakteria wa tumboni mwako, tangu jana, wamekula nini?

Maana nao wanakula. Sukari na unga mweupe humeng'enywa na kufyonzwa juu kwenye utumbo mwembamba, kule chini hakifiki kitu cha maana. Kinachofika utumbo mpana ni nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa, pamoja na wanga mgumu wa ndizi mbichi. Bakteria wakivichachusha hutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo ni butireti, chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo pia huchochea utumbo kutoa homoni za shibe, na husaidia insulini kufanya kazi yake. Bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi hutafuta pengine: kwa panya wa maabara imeonekana kwamba hugeukia kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo.

Mabadiliko hayachukui miaka. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo Wamarekani weusi wa Pittsburgh walilishwa chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji wakalishwa cha Kimarekani. Nyuzinyuzi za wale Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55, na katika wiki mbili tu utumbo wao ulikuwa unatengeneza butireti nyingi zaidi. Kwa wanakijiji ikawa kinyume. Halafu mwaka 2025 yakatoka matokeo ya hapa kwetu Kilimanjaro, wanaume 77. Waliohamishwa kutoka kiburu (ndizi mbichi zilizopikwa na maharage) na mboga kwenda kwenye soseji, chipsi na mkate mweupe, damu yao ilionyesha kinga ya mwili iliyochokozeka ndani ya wiki mbili. Watu wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, uchokozi huo ulipungua. Kulikuwa na kundi la mbege pia, nao walionekana kunufaika, jambo ambalo wazee wa Kibosho watalisikia kwa furaha kupita kiasi. Mbege ni pombe, na mtu wa dawa za sukari simwandikii.

Sasa jikoni. Anza na jamii ya kunde, kama maharage na choroko, maana hapo ndipo faida ilipo kubwa na bei ndogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10. Mtu asiyezoea asianze na kikombe. Anza na upawa mdogo mchana, kaa nao wiki nzima, ndipo uongeze. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya, na maharage mekundu yatokote sawasawa dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto, kwa sababu yasipoiva yana sumu inayotapisha. Gesi itakuwepo mwanzoni. Hao ni bakteria wako kazini, na wengi hutulia wakizoea. Magadi punguza, hasa kama una presha, kwani ni chumvichumvi hiyohiyo ya sodiamu.

Kiburu kina kila kitu nilichokitaja: ndizi mbichi na maharage katika chungu kimoja. Kosa la mjini ni kukipika kikawa ndizi tupu na maharage ya kuhesabu. Nusu kwa nusu, mama. Pembeni weka mnafu au mchicha, sahani yake yenyewe, usiwe wa kupambia.

Ugali uwe wa dona. Sembe imeondolewa pumba na kiini, yaani imeondolewa kile ambacho bakteria wangekula. Ila dona haikai, mafuta ya kiini huchacha, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Mahindi yachambue kwa macho, punje zenye ukungu tupa, kuku pia usiwape. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kiporo nacho kina sifa yake. Wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hugeuka kuwa ngumu kumeng'enywa, na ukipasha moto haipotei yote. Faida ni ndogo, usiongeze sahani kwa ajili hiyo. Na kiporo ni cha friji: wali uliolala mezani usiku kucha hupata bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa.

Mtindi tengeneza mwenyewe. Chemsha maziwa, poza mpaka kidole kivumilie bila kuungua, koroga kijiko cha mtindi wa jana, funika, weka mahali pa joto mpaka kesho. Ukishaganda usiuchemshe tena, utaua ulichokuwa unakitafuta. Ule wa dukani wenye rangi ya waridi, geuza kopo usome: sukari ikiwa ya pili kwenye orodha, huo ni peremende ya kunywa. Dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa stendi sitazijadili, ila hela yake inanunua choroko za kutosha. Na antibiotiki za kumeza kwa mafua ya kawaida ziache. Mafua ni virusi, watakaokufa ni bakteria wako.

Kama unameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, au unachoma insulini, ongea na kliniki yako kabla hujabadili sahani, maana wanga mweupe ukipungua dozi ileile inaweza kuwa kubwa. Wiki za mwanzo pima sukari asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo, andika kwenye daftari. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kusikia njaa ya ghafla, pima. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pumzika robo saa, pima tena. Matokeo ya jumla utayaona kwenye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, na hicho kipimo usikidai kabla ya miezi mitatu kuisha.