Ng'ombe Mkuranga, Mwenyewe Kinondoni: Namna ya Kuwajibika Ukiwa Mbali na Mifugo

Wengi wetu tunaofanya kazi Dar es Salaam tumeweka mifugo Mkuranga, Kisarawe au Kibaha chini ya kijana wa kazi, tukaridhika kwa kuwa mshahara wake haucheleweshwi. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata bila sheria, anayeajiri mtunzaji amegawa kazi tu. Wajibu unabaki kwake.

Hatua ya kwanza ni maji, kabla hujanunua mnyama. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku, na joto la Pwani huongeza mahitaji hayo, kwa hiyo ng'ombe watatu wanahitaji akiba isiyopungua lita 540 kwa siku tatu ambazo bomba halitoi.

Hatua ya pili ni kuandikiana na mtunzaji: nani analisha, siku gani ya kunyunyizia dawa ya kupe, na nani anashika zamu yake akienda likizo. Karatasi moja inatosha.

Hatua ya tatu ndiyo tunayoikwepa, kwa kuwa inagusa mfuko. Mwachie mtunzaji fedha ya dharura pamoja na ruhusa ya kumwita afisa mifugo bila kusubiri kibali chako. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huanza kwa homa na kuvimba tezi chini ya sikio, na dawa yake husaidia zaidi mnyama akitibiwa mapema. Nilimpoteza mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa sababu kijana alinipigia tangu asubuhi nami nilikuwa kikaoni, simu imezimwa. Alikuwa ameziona dalili zote, ila hakuwa na shilingi mkononi wala mamlaka ya kukopa kwa jina langu.

Hatua ya nne ni kwenda mwenyewe, bila taarifa. Usianze na daftari la maziwa. Anza na hori, kwato, mbavu na unyevu wa sakafu ya banda.

Maswali ya wanachama

*Je, video za WhatsApp za kila jioni hazitoshi?*
Zinasaidia, ila anayepiga video ndiye anayechagua cha kuonyesha. Mwombe aonyeshe chombo cha maji na kinyesi, si ng'ombe amesimama tu.

*Ndugu mwalimu, kijana akitoroka usiku nifanyeje?*
Mwombe jirani mfugaji mapema, kwa malipo mliyokubaliana, awe na ufunguo wa ghala la chakula na namba ya afisa mifugo wa kata. Usimtafute jirani huyo siku hiyo hiyo ya tatizo, kwani wanyama watakuwa tayari wameshinda na kiu.

*Fedha ya dharura ikiliwa?*
Huenda ikaliwa. Dai risiti, na anza na kiasi kidogo kinachotosha ziara moja ya mtaalamu na dawa; hasara hiyo ni ndogo kuliko ya mtamba.