Sukuma koni kabla ya kulipia spika

Ukinunua spika tupu ya besi (isiyo na boksi), ya inchi 8 kwenda juu, ilaze mezani koni, ile sehemu pana ya mbele inayotetema, ikitazama juu. Panga vidole vya mikono miwili kukizunguka kile kikofia cha katikati, kwa umbali sawa, kisha sukuma koni chini polepole kwa milimita chache na uiachie, sikio likiwa karibu. Ikishuka na kupanda kimya, ni nzima. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo, hata mdogo, irudishe. Koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, husafiri ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku, mara nyingi chini ya milimita moja kila upande. Gundi ikikauka koili imekaa mshazari kiwandani, au sumaku ikihama kwa sababu spika iliangushwa njiani, koili inagusa chuma. Inaweza kupiga vizuri kwa muda, halafu vanishi ya waya inachubuka, na hapo koili inaungua.

Usisukume upande mmoja tu, maana koni itainama na hata spika isiyo na kasoro itakwaruza. Kikofia chenyewe usikibonyeze, kinaingia ndani na hakirudi.

Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, usizijaribu hivi kabisa. Pia kipimo hiki hakigundui koili inayogusa ikishapata moto, wala iliyokatika waya: hiyo ipime kwa mita ya kupimia omu (ukinzani wa umeme). Spika ya omu 8 husoma takriban omu 5.5 hadi 7.