Jinsi navyochora Link wa Zelda na Aang wa Avatar wakae picha moja

Krosova nyingi nazoziona (picha zinazokutanisha wahusika wa hadithi tofauti) mkono wa mchoraji uko vizuri tu, shida wahusika wamesimama kama watu wawili wanaosubiri daladala, hawajuani kabisa. Kwahiyo kabla ya penseli kuna hatua ya kwanza ambayo watu wanairuka.

1. Tafuta kinachowaunganisha. Link wa Breath of the Wild (gemu la Zelda la 2017) alilala miaka 100, Aang wa katuni ya Avatar naye alikaa kwenye barafu miaka 100, na wote wameamka wakakuta watu wao wengi hawapo tena. Yaani hawa wawili wakikaa pamoja hawahitaji kuelezana kitu, na mi hilo ndo nalotaka lionekane.

2. Wape kitu cha kufanya. Nawaweka usiku kwenye moto, Link anapika, Aang anaangalia sufuria. Ndani weka uyoga, sio nyama, maana Aang hali nyama na shabiki wa kweli ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Nyuma yao laza fimbo ya Aang na kile kitambaa cha Link cha kurukia, vigusane kidogo.

3. Skechi. Chagua staili moja. Mi nachora wote kwa mistari ya Avatar, unene uleule, macho ya aina moja, alafu Link namwachia masikio yenye ncha, nywele zilizofungwa nyuma na upanga. Aang ana miaka 12 so mfanye mdogo kweli, mabega membamba, usimchore kama kaka mtu.

4. Rangi. Hapa wamekurahisishia: mishale ya tatoo ya Aang ni bluu na shati la Link ni bluu, nguo za Aang zina njano na nywele za Link ni njano. Chukua bluu moja na njano moja, tumia kwa wote wawili.

5. Mwanga. Moto uko chini, basi kidevu na viganja ndo ving'ae, na kichwa cha Aang hakina nywele kwahiyo mwanga unakipanda taratibu mpaka kwenye mshale, hapo usiharakishe hata kama umechoka. Kwenye Krita (programu ya kuchorea) fungua leya mpya juu ya zote, weka Multiply (inatia giza rangi zilizo chini yake), paka zambarau nyepesi sehemu zote za kivuli, kwa wote wawili kwa mpigo, usimpake mmoja mmoja.

Mwisho igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama mmoja anatokeza sana kuliko mwenzake, rudi kwenye kivuli.