Somo: Linux Inapokataa Kuwaka Baada ya Kusasisha Kerneli

Ndugu wanachama, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na mara nyingi zaidi kwa watu ambao wamekwisha kufuta diski nzima bila sababu, kwa hiyo naliandika mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Maelezo ni ya Ubuntu na Debian. Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, na faili zake hukaa ndani ya /boot.

1. Washa upya ukiwa umeshikilia Shift, au ubonyeze Esc mara moja ikiwa mashine ni ya UEFI (mfumo mpya unaochukua nafasi ya BIOS), hadi menyu ya GRUB, yaani programu inayoiwasha kerneli, itokee.

2. Chagua "Advanced options", kisha kerneli ya zamani.

3. Ikiwaka, andika `df -h /boot`. Ukikuta 100%, kerneli mpya ilikosa nafasi ya initramfs, yaani furushi la viendeshi ambalo kerneli hulitumia ili kuifikia diski, na ndiyo maana skrini husimama kwenye maneno "unknown-block(0,0)". Punguza kwa `sudo apt autoremove --purge`, kisha `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo update-initramfs -c -k` ikifuatwa na toleo jipya, na mwisho `sudo update-grub`.

4. Ikiwa hata kerneli ya zamani haiwaki, tumia flashi yenye Ubuntu, upachike (mount) patisheni kuu kwenye /mnt, kisha uingie kwa chroot, yaani amri inayokuingiza ndani ya mfumo ulio kwenye diski. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nikitengeneza mashine ya duka la uchapishaji huko Jinja, jenereta ikinguruma na mteja amesimama nyuma yangu, nami nikasahau kwamba /boot ilikuwa na patisheni yake. Mara tatu nilitengeneza initramfs, na mara tatu mashine ikagoma vilevile, kwa sababu faili ilikuwa ikiandikwa ndani ya folda tupu yenye jina hilohilo. Nilizinduka nilipoandika `ls /boot` nikaona initrd (faili ya initramfs) peke yake, bila vmlinuz (faili ya kerneli yenyewe) hata moja. Basi tazama `lsblk -f` kwanza. Pachika /boot, halafu /boot/efi, halafu /dev, /proc na /sys kwa `--bind`, ndipo uingie na urudie amri za hatua ya 3.

Swali (Mbarara): Yangu haiwaki. Nifanye nini?

Jibu: Hatua ya 1. Ukikwama, andika maneno yaliyo kwenye skrini kama yalivyo.

Swali (Mbarara): Nilifuta faili za /boot kwa `rm` ili nipate nafasi. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Somo halikutaja `rm` popote. Faili umeziondoa, lakini dpkg, programu inayosimamia vifurushi, bado inaamini kwamba kerneli hizo zipo. Anza hatua ya 4, kisha usakinishe upya kifurushi cha linux-image.

Swali (Arua): Mwalimu, diski yangu imefungwa kwa LUKS, yaani usimbaji wa diski nzima kwa nenosiri. Je, kuna tofauti ndani ya chroot?

Jibu: Ipo, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kugusa kitu. Unapoifungua kwa `cryptsetup open`, ipe jina lilelile lililoandikwa katika /etc/crypttab. Ukiipa jina jingine, initramfs inaweza kutengenezwa bila maelezo ya kuifungua diski, na mashine haitakuomba nenosiri kamwe.

Mchango (Kasese): Mimi hupakua usiku kwa `sudo apt full-upgrade --download-only`, wakati bando ni nafuu, kisha nasakinisha asubuhi betri ikiwa imejaa.

Jibu: Nami nitaanza kufanya hivyo. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, unarudi hatua ya 3.